Kiwiko Kimeumia na Kocha wa Ng'ambo Anasubiri: Tuseme au Tunyamaze?



Wiki hii tunajibu barua ya wazazi wa Mbweni, Manispaa ya Kinondoni. Kijana wao yuko kidato cha tano na ni mrushaji wa timu ya beseboli. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani aliona video zake, akaandika kwamba angependa kumtafutia nafasi ya masomo yenye ufadhili. Haukupita muda, kijana akaumia kiwiko cha mkono wa kurushia. Baba anaona habari hiyo isitiriwe mpaka karatasi zisainiwe. Mama anasema kuficha ni hadaa. Wametutaka rai, nasi tunaitoa kwa yale tunayoyajua.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kusikia beseboli ikitajwa Mbweni. Mchezo huu ulianza kufundishwa katika shule zetu mwaka 2012 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, na tangu 2018 Shule ya Sekondari Azania, Upanga, ina uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Japani. Njia ya kutoka Dar es Salaam hadi vyuo vya Marekani kwa mgongo wa michezo nayo si ndoto tupu. Hasheem Thabeet, mwana wa jiji hili, alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa mpira wa kikapu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Basi matumaini ya wazazi hawa yana msingi, na hofu ya baba si tamaa. Anaogopa mlango uliofunguka mara moja usije ukafungwa.

Hata hivyo, la kwanza ni mkono wenyewe. Tunawasihi wazazi wasikimbilie kuukanda kwa maji ya moto wala kumpeleka kijana kwa mtu wa kuvuta viungo. Kiwiko cha mrushaji huumia kwa namna nyingi: yaweza kuwa uchovu wa misuli, yaweza kuwa kano inayoshikamanisha mifupa upande wa ndani imechanika, na kwa kijana ambaye bado anakua yaweza kuwa sehemu ya mfupa inayorefuka ndiyo iliyoathirika. Mkono usioonekana umevimba unaweza kubeba jeraha kubwa. Aache kurusha leo, aonwe na daktari, na ikibidi aombewe rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kutoka Mbweni hadi huko kwa Barabara ya Bagamoyo ni safari ndefu, lakini ni fupi kuliko kuishi na mkono usionyooka. Ripoti ya daktari iandikwe na nakala yake itunzwe, kwa kuwa itahitajika baadaye.

Wapo watakaomtia moyo kijana kwa kisa cha Tommy John. Mrushaji huyo wa Marekani alipandikizwa kano ya kiwiko na Dkt. Frank Jobe tarehe 25 Septemba 1974. Alirejea uwanjani 1976, na katika ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya operesheni. Kisa ni cha kweli, lakini tusikigeuze ahadi. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye klabu ya kumtunza, na hata leo anayefanyiwa operesheni hiyo kwa kawaida hukaa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kurusha katika mashindano. Wengi hawaihitaji kabisa, hupona kwa mapumziko na mazoezi ya viungo. Kinga nayo ina vipimo: mwongozo wa beseboli ya Marekani unamwekea kijana wa miaka 17 na 18 ukomo wa mipira 105 kwa siku, na unashauri miezi minne ya mwaka bila kurusha katika mashindano.

Sasa tuje kwenye swali. Kwanza tufahamu jinsi ufadhili unavyofanya kazi. Ahadi ya kocha kwa simu au ujumbe haiwafungi wala haimfungi. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa na chuo. Chini ya kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, ufadhili uliokwisha kusainiwa haupunguzwi wala haufutwi kwa sababu ya jeraha ndani ya muda wake. Hapo ndipo hoja ya baba inapopata nguvu: tunyamaze, tusaini, tuwe salama.

Lakini hoja hiyo ina mashimo mawili. La kwanza ni la kidunia. Mwanamichezo hupimwa na daktari kabla ya mazoezi ya kwanza chuoni, na historia ya majeraha huulizwa kwa maandishi. Hata hali yake ya selimundu lazima ijulikane, na daraja la kwanza la NCAA lilianza kulidai hilo mwaka 2010. Kiwiko kitavuliwa nguo mbele ya daktari, na kijana atalazimika ama kusema kweli kwa kuchelewa ama kusaini uongo. Atakuwa peke yake, maelfu ya maili kutoka Mbweni, chini ya kocha asiyemwamini tena.

Shimo la pili ni la kidini. Sote tumefundishwa kwamba muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake hana ruhusa ya kuificha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Kijana si bidhaa, wallahi, lakini nguvu ya mkono wake ndiyo inayofanyiwa makubaliano. Mkataba uliojengwa juu ya kimya cha makusudi hauna baraka, na zaidi ya hapo, mtoto atakuwa amejifunza kwa wazazi wake kwamba ukweli husubiri saini. Hilo ni jeraha ambalo MOI hawana dawa yake.

Rai yetu basi ni ya mama, ila kwa utaratibu. Wasiandike usiku wa leo kwa hofu, kwa maneno kama "mkono umeharibika". Wasubiri majibu ya daktari, ambayo ni suala la siku au wiki chache, na katika muda huo wasisaini chochote wala kutuma video ya zamani kana kwamba ni ya jana. Kisha kijana mwenyewe aandike, si baba. Aseme siku aliyoumia, daktari ameona nini, tiba ni ipi, anatarajiwa kurusha lini, na matokeo yake ya darasani yakoje. Sentensi sita zinatosha. Si lazima amfunulie kocha kila ukurasa wa faili lake, linalotakiwa ni lile linalogusa makubaliano.

Akijibu kwamba bado anamtaka, wazazi waulize kwa maandishi: Ufadhili ni wa kiasi gani, na wa miaka mingapi? Matibabu ya kiwiko hiki yatalipwa na nani? Je, anaweza kuahirisha kujiunga hadi apone, na kuahirisha huko kutaathiri vipi miaka yake ya kucheza? Wasidhani kila ufadhili hulipa kila kitu. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya beseboli ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu wa kugawana kikosi kizima, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Robo ya ada ikilipwa, robo tatu atalipa nani?

Akijibu kwamba hamtaki tena, itauma, wala hatutasema haitauma. Lakini milango mingine ipo. Vipo vyuo vya miaka miwili chini ya NJCAA, ambako wengi hurudisha afya na darasa kabla ya kuhamia vyuo vikubwa. Vipo vyuo vikuu vyetu, na ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Milango yote hiyo inafunguliwa na kidato cha sita. Hata NCAA hutaka masomo 16 ya msingi, na kwa daraja la kwanza wastani usiopungua 2.3 katika 4.0. Mkono ulio kwenye bandeji haumzuii kijana kusoma, na muda uliokuwa wa mazoezi sasa ni wa vitabu.

Wazazi wajihadhari pia na madalali. Familia yenye jeraha ni windo jepesi. Atajitokeza mtu akidai kwamba kwa malipo fulani atamtafutia kijana chuo kisichouliza habari za mkono. Chuo cha kweli hakifichi jina wala anwani yake, na kocha wake hupatikana kwa kupiga simu chuoni. Wasiuze kiwanja, wala wasiingie mkopo wa riba, kwa ajili ya ahadi ya mtu wa kati.

Mwisho, kijana asisahauliwe katikati ya barua na ripoti. Tangu aumie, huenda kila anayemwona anauliza habari za kiwiko tu. Baba amchukue waende pamoja kuswali Isha, wazungumze njiani habari nyingine kabisa. Ajue kwamba alikuwa mwana wao kabla hajashika mpira, na atabaki hivyo asipoushika tena. Tunafanya sababu zote, kisha tunamtegemea Mwenyezi Mungu kwa matokeo. Tunamuomba Allah (S.W.) amponye kijana huyu, awaunganishe wazazi wake katika rai moja, na amfungulie mlango wenye kheri naye, uwe ng'ambo au uwe hapa nyumbani.

Wabillahi tawfiq.