Zamu Imeisha, Kazi Bado

Mwezi huu naongea na wewe uliyeoa mkunga, au uliyeko mbioni kupeleka posa.

Juzi nilikuwa Zegereni, Kibaha, kwa rafiki yangu anayefanya kazi kiwandani. Mkewe ni mkunga kiongozi. Saa mbili usiku mama kaingia, kaoga, kala, kisha kafungua madaftari. Jamaa akaninong'oneza, "Mimi na MTUHA ni wake wenza." Nilicheka, yeye hakucheka.

Nikamuuliza mama mwenyewe, hivi kusimamia wenzako kunakula saa ngapi kwa wiki? Akanijibu, "Shemeji, ratiba ina zamu tu. Kusimamia hakuna saa yake."

Hapo ndipo penye tatizo. Kupitia patografu za wenzake, kumwelekeza binti wa ajira mpya, kukaa na aliyetoka leba analia, yote anayafanya huku naye anazalisha. Kinachobaki kinakuja nyumbani, na anayenuna ni bwana.

Lakini bwana, patografu si karatasi ya mapambo. Ndiyo inayoonyesha uchungu umekwama na mama akimbizwe Tumbi. Jicho la pili likikosekana, saa zinapotea. Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vikashuka hadi 104 mwaka 2022. Sisemi ni madaftari peke yake, ila kazi hiyo imo.

Uingereza waliweka usimamizi wa wakunga kwenye sheria tangu 1902, baadaye msimamizi mmoja kwa wakunga kama 15. Machi 2017 waliuondoa kwenye sheria, maana msimamizi huyohuyo alikuwa mlezi na mchunguzi wa wenzake. Hata huko kilio cha muda kilikuwepo! Kwa hiyo usidhani mkeo ni mzembe wa kupanga mambo.

Ushauri wangu? Dada, andika wiki nne mfululizo dakika unazotumia kusimamia, kisha mpelekee bosi wako zikiwa kwenye karatasi, aziingize kwenye ratiba. Maneno matupu yanasahaulika. Nyumbani chagueni jioni mbili ambazo daftari halivuki mlango. Mwisho wa mwezi, taarifa zinapofungwa, hilo msamehe, bwana. Siku hizo ingia jikoni wewe.