BIMA YA AFYA NA KIKOMBE CHA SAMUNGE

Mwaka 2011 watu wa nchi hii, pamoja na majirani zetu wa Kenya, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilometa, na wapo waliokata roho wakingoja. Dawa ile haikuthibitishwa kuponya. Lakini hatuandiki ili kumcheka marehemu, aliyefariki mwaka 2021, wala waliomfuata. Twauliza neno moja tu: kwa nini walikwenda?

Kikombe kilikuwa shilingi 500. Tajiri alitoa 500, maskini alitoa 500, na kila mmoja aliijua bei kabla hajaondoka kwake. (Nauli ndiyo iliyowafilisi wengi, na wenye magari wanajua walivyovuna.) Nani aingiaye hospitalini leo bila kadi ya bima akajua atatoka na deni gani?

Matibabu ya bure tuliyoyazoea baada ya Uhuru yalianza kupunguzwa mwaka 1993, Serikali ilipoanza kutoza ada katika hospitali zake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi mwaka 2001. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Sisi twaiunga mkono pasipo kusitasita, ila kuiunga mkono si kuifumbia macho.

Ndugu mfanyakazi wa Serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri hutia kiasi kama hicho. Hahitaji kukumbuka. Je, mfugaji wa Malambo nani amkate? Mshahara wake ni ng'ombe. Ukimdai mchango wakati wa kiangazi, atauza mnyama aliyekonda kwa bei ya kutupa, na mwakani hatarudi kujiandikisha. Mchango na ukusanywe baada ya mvua, siku ya mnada, palepale fedha ilipo mkononi.

Tena, mtu huyo akisafiri mwendo mrefu wa vumbi hadi Wasso na kadi yake mfukoni, kisha akaambiwa akanunue dawa dukani, tutamwambia nini? Viongozi wa wilaya waanze na rafu za dawa katika zahanati za vijijini, ndipo wapite boma kwa boma kuandikisha watu.