Mpiga Gita Chipukizi na Kazi ya Ridhimu
Katika muziki wa dansi wa Tanzania na Kongo, kijana anayetaka gita liwe kazi ya maisha yake huvutwa mapema na gita la solo, yaani lile linalotawala sebene, sehemu ya wimbo ambamo waimbaji hupisha ala, ilhali ujuzi unaomfanya aaminiwe na bendi hujengwa zaidi katika gita la ridhimu, ambalo hurudia mfuatano mfupi wa noti kwa dakika nyingi bila kuchelewa wala kuharakisha. Hapo ndipo sikio hujifunza kuifuata besi na ngoma, na hakuna wepesi wa vidole unaoweza kuficha mapigo yanayoyumba. Hata Franco Luambo Makiadi, mpiga gita wa Kongo aliyezaliwa mwaka 1938, alikwisha kufunzwa na mpiga gita Paul Ebengo Dewayon na kurekodi studioni kabla ya kushiriki kuianzisha bendi ya OK Jazz mwaka 1956, akiwa bado kijana mdogo. Inafaa, kwa hiyo, chipukizi apige polepole, ajirekodi kwa simu ili ayasikie makosa yake, na aombe kushika ridhimu katika mazoezi ya bendi inayomzidi ujuzi, hata kama hatapandishwa jukwaani upesi.