Simu itupunguzie mzigo wa kisukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo sisi wagonjwa wa kisukari hatuulizwi tukifika kliniki.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa na ugonjwa huu. Kliniki tunapimwa sukari, presha na uzito. Sukari ikiwa juu, swali ni moja tu: "Umekula nini tena?" Hakuna anayeuliza kama mgonjwa analala. Usiku mmoja niliamka natetemeka, jasho linanitoka, kumbe sukari imeshuka. Tangu siku hiyo mke wangu huniamsha mara mbili kila usiku kuhakikisha kuwa ni mzima. Mara nyingine nimekwepa kliniki kwa kuogopa kugombezwa.

Wataalamu waliutambua uchovu huu wa moyo tangu miaka ya 1990. Si wazimu wala uvivu, bali ni uzito wa kazi isiyo na likizo. Aliyechoka huacha dawa, na anayeacha dawa hukaribisha vidonda, upofu na kufa kwa figo.

Wenzetu Ulaya hubandika kidude mkononi kinachoonyesha sukari kwenye simu na kupiga kengele inaposhuka. Uingereza, tangu 2022, mwongozo wa matibabu unataka kila mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya kwanza apewe nafasi ya kukitumia. Kwetu bei yake haishikiki kwa walio wengi. Lakini simu za kawaida tunazo.

Wasomaji watakumbuka huduma ya Wazazi Nipendeni iliyoanzishwa nchini 2012. Mama mjamzito alituma neno kwenye namba 15001, akapata ujumbe wa bure kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Senegal nayo, mwaka 2014, iliwatumia wagonjwa wa kisukari ujumbe wa simu wakati wa Ramadhani kuwaeleza namna ya kujilinda wakiwa katika saumu. Je, sisi tunashindwa nini?

Hata hivyo, yapo mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, lugha isiwe ya kufoka. Ujumbe unaokaripia utazimwa, kama sisi tunavyoikwepa kliniki. Pili, siri itunzwe, kwani simu moja huweza kutumiwa na nyumba nzima, na wapo ambao hawajawaambia hata ndugu zao. Tatu, ujumbe usiwe kisingizio. Kumhimiza mtu apime sukari wakati hana fedha za kununua vipimo ni kumwongezea mzigo. Pia pawe na namba ambayo mgonjwa akipiga atajibiwa na mtu.

Naiomba Wizara ya Afya ikae na Chama cha Kisukari Tanzania walifikirie jambo hili. Kaulimbiu ya Siku ya Kisukari Duniani, ambayo ni 14 Novemba, kwa miaka ya 2024 hadi 2026 inahusu kisukari na ustawi wa mgonjwa. Itakuwa aibu iishie kwenye fulana na hotuba.



Mgonjwa wa Kisukari,
Morogoro.