Grace Darling tunamjua. Boila je?

Miezi mitatu iliyopita niliposti video ya Grace Darling na ikasambaa kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Mnaikumbuka: msichana wa miaka 22, dhoruba, kamashua kadogo, miamba. Wiki moja ilinipa wafuasi kuliko mwaka mzima. Halafu msee mmoja akaandika chini yake: "Lakini nani aliruhusu hiyo meli iendelee?" Sikumjibu. Jibu nilikuwa nalo. Nililikata nikihariri kwa sababu niliona linaboesha.

Wacha nimjibu leo.

Meli iliitwa Forfarshire. Meli ya abiria ya mvuke, ya yale magurudumu makubwa ya kupiga maji ubavuni, na wala haikuwa mzee: ilikuwa imeundwa Dundee, Scotland, miaka kama minne tu kabla. (Meli za aina hii wazee wetu waliziita stima, kabla neno halijahamia kwa taa za nyumba.) Jioni ya 5 Septemba 1838 iliondoka Hull, Uingereza, ikielekea Dundee na watu kama 60. Boila ilikuwa na shida ya kuvuja, ikazibwa hapo Hull kabla ya safari. Kufika baharini, ikaanza tena.

Sasa hapa ndipo stori yenyewe iko. Ukitoka Hull kwenda kaskazini, nchi kavu iko kushoto kwako njia yote, na bandari ziko. Nahodha John Humble angeingia mto Tyne atengeneze. Hakuingia. Siku nzima walipiga pampu wakisonga mbele, hewa ikizidi kuchafuka. Jioni ya tarehe 6, karibu na St Abb's Head huko Scotland, injini zikazima kabisa. Wakapandisha matanga, upepo wa kaskazini ukawarudisha kusini walikotoka, na mwendo wa saa kumi alfajiri ya tarehe 7 meli ikagonga mwamba wa Big Harcar, visiwa vya Farne. Ikakatika vipande viwili. Sehemu ya nyuma, walikolala abiria wengi, ikaenda na maji pamoja nao. Zaidi ya watu 40 walikufa.

Na tusimfanye Humble shetani. Alikuwa na mkewe kwenye safari hiyo, na wote wawili walikufa. Mtu hambebi mkewe kwa meli anayojua itazama. Alijiambia tu watafika.

Hiyo "tutafika tu" mimi naijua. Mwaka jana nilipanda matatu ya usiku kwenda Narok. Tukiteremka kuelekea Mai Mahiu breki zikaanza kunuka, ile harufu ya raba iliyoungua. Dereva akasimama, akamwagia gurudumu maji, akarudi akasema, "Tulieni, tutafika." Sote tulinusa. Hakuna aliyeshuka, na mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu nauli nilikuwa nimeshalipa na nje kulikuwa giza. Tulifika. Na nina hakika asubuhi ile matatu ilibeba wengine, kwa sababu tulifika.

Grace sina shida naye, msinielewe vibaya. Babake William alikuwa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone. Walitoka wawili kwa makasia, karibu maili nzima kwenye bahari ile, na kukuta watu tisa wakiwa hai mwambani. Mmoja alikuwa Sarah Dawson, aliyekuwa na watoto wake wawili, wote wameshakufa. Mashua haikutosha watu wote, kwa hivyo ilibidi safari mbili. Hiyo haitaki chumvi. Baadaye alipewa medali, Malkia Victoria akamtumia pauni 50, wachoraji wakafunga safari hadi mnarani kumchora, watu wakaandika barua kuomba nywele zake. 1842 akafa kwa kifua kikuu, miaka 26. Bamburgh kuna jumba zima la makumbusho lake.

Lakini jopo lililoketi kuchunguza vifo lilisema wazi: boila mbovu, na uzembe wa nahodha kukataa kurudi bandarini. Iliandikwa mwaka ule ule, si siri iliyofukuliwa juzi. Na sheria ya kulazimisha meli za mvuke za abiria zikaguliwe mara mbili kwa mwaka Uingereza ilikuja 1846, miaka minane baadaye. Nani amewahi kuposti mkaguzi wa boila? Grace ana uso, boila haina. Sisi wa kontenti tunajua uso ndio unauza, kwa hivyo tunampa msichana dakika mbili na boila sekunde sifuri, halafu mtazamaji anaondoka akiamini shida ilikuwa upepo.

Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa na ile sehemu ya Hull imerekodiwa tayari, sekunde 40, nikaifuta.

Wiki jana niliirudia video. Inaanza na boila inavuja, Grace anaingia karibu na mwisho. Mpaka leo imetazamwa na watu 212. Yule msee wa swali alikuwa wa kwanza. Mamangu ameitazama mara tatu, ati anangoja msichana atokee.