Kabla ya Programu, Toroli ya Spana

Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu spana. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za simu na kompyuta. Mtazipata, ila safari hii zitapitia gerejini.

Tangu watu wajue kwamba nilisomea sayansi ya kompyuta, sikosi maombi ya programu. Mwenye duka anataka programu, mwenye bodaboda anataka programu, na sasa fundi mmoja wa magari hapa Machakos anataka programu ya simu ya kufuatilia spana zake zisipotee. Kila spana iwe na namba, kila anayeichukua aandikwe, na jioni simu iseme ni ipi haijarudi. Kuiandika si kazi kubwa: hifadhidata ndogo na kurasa tatu nne zatosha. Lakini maoni yangu ni kwamba gereji ndogo haihitaji programu hiyo. Inahitaji toroli. Nasema hivyo ingawa mimi ndiye ningelipwa kuiandika programu.

Tazameni kazi inavyokwenda. Gereji nyingi za kwetu si jengo. Ni kiwanja, mti wa kivuli, na kibanda cha mabati kinachofungwa kufuli usiku. Gari lililoharibika halifuati spana. Spana ndizo zinazolifuata gari. Basi asubuhi sanduku linabebwa hadi kwenye gari la kwanza, vyote vinamwagwa chini, na kuanzia hapo fundi anafukua. Akitaka namba 12 anapata 14, akitaka 14 anapata 10. Gari la pili likifika upande ule mwingine, nusu ya spana zinahamia huko mifukoni mwa watu. Jioni giza likiingia zinarudishwa sandukuni, na hakuna ajuaye kama zimetimia.

Ikikosekana moja, wa kwanza kuulizwa ni mwanagenzi, au spanaboi kama wanavyomwita. Yeye ndiye aliyetumwa kuileta, na yeye ndiye mdogo. Pengine bei yake itakatwa kwenye posho yake, hata kama spana yenyewe imelala juu ya injini ya gari lililokwisha kwenda Wote. Kwa hiyo jambo hili si la usafi wa gereji peke yake. Pasipo na njia ya kujua kitu kiko wapi, anayelipa ni yule asiye na sauti.

Sasa twende kwenye kompyuta. Waundaji wa kompyuta walikutana na tatizo hili zamani. Prosesa ina kasi sana, na data zikiwa mbali inabaki kusubiri tu. Dawa yao ilikuwa kuweka kumbukumbu ndogo ya haraka, iitwayo kashe, ubavuni mwa prosesa, na kuitia vile vinavyotumika mara kwa mara. Kusoma kutoka kashe iliyo karibu kabisa huchukua kama nanosekunde 1. Kutoka kumbukumbu kuu, kama nanosekunde 100. Kutoka diski inayozunguka, kama milisekunde 10. Tukiikuza nanosekunde 1 iwe sekunde 1, kumbukumbu kuu inakuwa dakika moja na nusu hivi, na diski inakuwa karibu miezi minne! Toroli ndiyo kashe ya fundi. Kibanda ndicho diski.

Nini kikae kwenye kashe? Si kila kitu. Magari mengi tunayotengeneza hapa yalitumika Japani kabla ya kuletwa Kenya. Kwenye magari ya Kijapani, kwa kawaida bolti ya milimita 6 ina kichwa cha 10, ya 8 ina kichwa cha 12, na ya 10 ina kichwa cha 14. Kwenye gari la Kijerumani, bolti ya milimita 8 huwa na kichwa cha 13. Kwa hiyo gereji ya Toyota na Nissan iweke 10, 12, 14, 17 na 19 mbele, na 13 isubiri kibandani hadi Mjerumani aje.

Mmarekani Adam Savage, aliyejulikana kwa kipindi cha televisheni cha MythBusters, ana kanuni anayoihubiri: usilazimike kuondoa kifaa kimoja ili ufikie kingine. Ndiyo maana hapendi droo. Nakubaliana naye. Lile kabati jekundu la droo tunaloliona kwenye picha za ng'ambo linafaa sakafu laini ya saruji. Kwetu droo zitaficha vitu na kujaa vumbi, na magurudumu yake madogo yatakwama kwenye kokoto ya kwanza.

Toroli ninayoipendekeza ni hii. Fremu ya bomba za mraba za inchi 1, ichomelewe na fundi jirani. Urefu sentimita 70, upana 45, kimo 90 ili mtu asiiname. Trei ya chini ibebe jeki, nyundo na vizito vyote, isije ikapinduka. Katikati, trei ya kina kifupi ya kuwekea nati na bolti za gari linalofunguliwa. Juu, mbao mbili zilizoegemeana kama paa la nyumba, zenye misumari ya kutundikia spana kwa mpangilio wa namba. Magurudumu yasipungue inchi 6, mawili ya kugeuka na mawili yasiyogeuka. Na kabla ya kuchomelea, pimeni mlango wa kibanda! Toroli isiyoingia ndani usiku ni zawadi kwa wezi.

Kisha chukueni rangi, mchore umbo la kila spana mahali pake. Mafundi wa ndege hufanya hivyo, kwa sababu kifaa kilichosahauliwa ndani ya injini chaweza kuua watu. Viwandani Japani nako, kila kitu kuwa na mahali pake ni sehemu ya utaratibu maarufu wa hatua tano, ambao Toyota imesaidia kuueneza duniani.

Umbo lililo wazi ni ujumbe wa hitilafu. Anausoma kila mtu, hata asiye na simu, hata mwenye mikono iliyojaa grisi. Programu ingetaka fundi afute mikono, afungue simu, aandike, tena aandike ukweli. Siku ambayo kazi ni nyingi hataandika. Hapo mtakuwa na habari mbili, ya simu na ya uwanjani, na kila mwandishi wa programu anajua nakala mbili zisizolingana zinavyosumbua. Kwenye toroli hakuna nakala. Spana ikiwa mahali pake, ipo. Isipokuwepo saa sita mchana, itafutwe saa sita hiyohiyo, gari likiwa bado kiwanjani, na mwanagenzi asingoje hukumu ya jioni.

Sisemi programu haina kazi. Gereji yenye mafundi 20 na vifaa mia kadhaa vinavyoazimwa kutoka stoo moja itahitaji daftari, na daftari la kompyuta ni bora kuliko la karatasi. Lakini watu wangu wa programu, mteja akija na ombi, tuulize kwanza: hili ni tatizo la data, au ni la mahali pa kuweka vitu? Likiwa la mahali, tumwelekeze kwa fundi wa kuchomelea, naye atatukumbuka siku akiwa na tatizo la data.