Sheria ni Msumeno

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tarehe 2 Mei 2024, Boris Johnson, Waziri Mkuu wa zamani wa Uingereza, alifika kituoni kupiga kura bila kitambulisho chenye picha. Wasimamizi wakamrudisha. Sheria iliyomzuia ilipitishwa mwaka 2022, yeye mwenyewe akiongoza serikali.

Hatuandiki haya ili kumcheka. Alirejea na kitambulisho, akapiga kura, kisha akawasifu hadharani wasimamizi wale. Nasi tunawasifu, kwani hawakutazama cheo.

Lakini katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2023, sheria hiyo ilipotumika England kwa mara ya kwanza, Tume ya Uchaguzi ilikadiria kuwa watu wapatao 14,000 walizuiwa vituoni na hawakupiga kura. Ni kweli, cheti cha bure kilikuwapo kwa wasio na hati; lakini cheti huombwa na mwenye habari nacho.

Basi mtunga sheria asijipime yeye kwanza. Ampime bibi kizee asiye na pasipoti wala leseni: je, mlango huu ataupita?